Kidole cha Mzee Kabati

Hospitali yetu ilikuwa na wakubwa watatu: daktari mkuu, katibu, na Mzee Kabati. Ukikosana na wale wawili wa kwanza ulipewa barua ya onyo. Ukikosana na Kabati ulikaa kwenye benchi na homa yako mpaka saa tisa alasiri, faili lako "linatafutwa".

Alitunza mafaili ya wagonjwa kwa miaka thelathini na mmoja. Chumba chake kilikuwa nyuma ya maabara, chembamba, rafu za mbao mpaka darini, kinanuka karatasi kuukuu na dawa ya mende. Kila jalada lilikuwa na namba, na namba hizo Kabati hakuzitazama hata siku moja. Aliwapanga watu jinsi wanavyoishi. Mama alikaa na wanawe, mkwe pembeni yao. Mke na mume wakiachana, aliwahamisha. Ndugu waliogombania kiwanja aliwaweka kuta mbili tofauti, "wasije wakazichapa humu ndani." Wafu walipanda juu kabisa. Kumpata mgonjwa mle ndani ilibidi ujue nani kazaa na nani na nani hasemeshani na nani, na Kabati aliyajua yote hayo, maana alisoma kilichoandikwa, na kisichoandikwa alikiuliza.

Tena hakuwa mtu wa kunyamaza nacho. Mimi ni dereva wa hospitali. Siku moja aliniambia mbele ya wauguzi, "Dereva, yule mtoto wako wa pili, umewahi kuangalia kundi lake la damu?" Akacheka, akaingia ndani. Alikuwa anatania. Nadhani alikuwa anatania. Sijawahi kuangalia.

Ndipo akaletwa binti mmoja mwenye cheti na kompyuta, tukampachika jina Takwimu. Utawala ulitaka mafaili yapangwe kwa namba, na Kabati akaagizwa amwelekeze.

"Shikamoo mzee. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba. Unajua nini wewe?"

"Ndiyo maana nimekuja, mzee wangu."

"Haya mambo hayafundishwi. Shika kitambaa, futa vumbi."

Miezi minne binti wa watu alifuta vumbi. Kila akiuliza swali alijibiwa kwa kicheko, na wakati mwingine wagonjwa dirishani wakacheka naye. Hakulia wala hakujibu. Aliweka moyoni.

Nilijaribu kumsihi Kabati nikimrudisha nyumbani. "Mzee, mfundishe. Leo upo, kesho hupo."

Akatazama nje ya dirisha la gari. "Wakishajua ninachokijua, mimi nitakuwa nani?"

Nikaongeza sauti ya redio.

Jumatatu moja kiharusi kilimkuta juu ya ngazi ya mbao. Upande wa kulia ukafa, na ulimi nao. Barua ya kustaafishwa kwa sababu za afya mkewe alimsomea kitandani, polepole, kama anamsomea mtoto. Huku nyuma, masijala ikawa kaburi. Madaktari walitibu kwa kubahatisha na foleni ikafika getini.

Siku ya kumi na mbili Takwimu akanifuata penye gari. "Yule mzee anasikia?"

"Anasikia vizuri tu."

"Mkono wa kushoto je?"

"Unainuka kidogo."

"Basi mlete."

Nikawa namfuata kila siku saa moja asubuhi. Nilimkuta amevalishwa shati jeupe na tai, kichwa kimepakwa mafuta. Mkewe alinishika mikono yote miwili. "Shemeji, Mungu awabariki. Hamkumtupa mwenzenu." Niliipokea baraka hiyo na kuitia mfukoni kama mwizi.

Kiti chake cha magurudumu kiliwekwa katikati ya chumba. Takwimu alisoma jina kwenye orodha, mzee akainua kidole, faili likashushwa, likabandikwa lebo na kwenda kwenye rafu mpya za chuma. Kila jina alilolionyesha lilikuwa jina ambalo hataulizwa tena, na yeye aliliona hilo kuliko sisi sote. Angeweza kufumba macho akatukomoa. Hakufumba. Nafikiri alipenda kuulizwa, basi.

Wiki ya tano Takwimu alisoma jina ambalo halikuwepo. Alilitunga pale pale. Mzee akainua kidole, akakishusha. Akatazama ukuta huu, akatazama ule, macho yakapanda kwa wafu, jasho likamtoka, udenda ukadondokea tai. Takwimu akarudia jina kwa upole, "Mzee wangu, huyu humjui?" Wauguzi waliosimama mlangoni wakaelewa, wakaangua kicheko. Mzee akaendelea kutafuta. Nami nilicheka. Nisijitakase: nilicheka mpaka nikashika ukuta, na nilikuwa namkumbuka mtoto wangu wa pili.

Kazi iliisha baada ya wiki saba. Takwimu alimpa mkono. "Ahsante sana, mzee wangu. Sasa tunajua." Kisha akanigeukia, sauti ile ile: "Kesho usimfuate."

Nilipomfikisha nyumbani mkewe aliuliza, "Kesho saa ile ile, shemeji?" Nikasema ndiyo. Mwoga hana haya.

Kesho yake simu ikalia. "Shemeji, tumeshajiandaa."

"Gari bovu, shemeji."

Keshokutwa pia gari bovu. Siku ya tatu akasema, "Mwenzio ameshavaa, anakataa kuvuliwa tai. Nimwambie nini?"

"Mwambie fundi anasubiri kifaa."

Jumamosi nilitumwa kumchukua mjamzito, na barabara ni moja, inapita mlangoni kwao. Nilikanyaga mafuta. Walikuwa barazani, yeye kwenye kiti chake na tai yake, mkewe anamlisha uji. Gari lilipita linanguruma, zima kabisa, limeoshwa asubuhi ile. Mama wa watu aliponiona alifurahi, akaweka bakuli chini, akainua mkono anipungie. Mzee alinitazama machoni. Kisha akaunyoosha mkono wake wa kushoto, akaushika mkono wa mkewe, akaushusha.