Paja la Mgeni

Juzi mjukuu wangu aliniletea simu yake. "Koko, angalia, sinema ya kwanza ya kwetu Buleusa!" Ilikuwa moja ya zile filamu za bei rahisi za wazungu wanaopotea msituni. Ndani yake nilimwona Papa, baba yangu.

Nilikuwa msichana mdogo walipoipiga filamu ile, na alasiri ile ilinuka moshi na mafuta ya mbuzi. Papa, katekista wetu, alikuja na koti lake la misa. Mzungu wa kamera alimwomba alivue, ajifunge majani, kisha akatupatia mbuzi tumle mbele yake. Papa alianza kwa kumpa mgeni paja, kama ilivyo desturi yetu. Mgeni alilikataa huku akicheka. Nilidhani ameshiba.

"Papa, ile mashine inavuma ya nini?"

"Kule Bulaya batatuona, mwana wangu. Batajua siye tunajua kupokea mugeni."

Kwenye filamu, sauti ya Kifaransa ilisema paja lile ni la mzungu aliyepotea. Papa alionekana akitafuna. Kisha mtoto wa kike aliingia, meno yote nje, akanyoosha mkono apewe naye.

"Koko, uyu mutoto iko nani?"

Nilimwambia simjui.