Shikamoo Iliyoziba Masafa

Siku yangu ya kwanza lindoni nilikabidhiwa kirungu, filimbi na redio ya upepo nzito kama tofali. Mkuu wa Ulinzi, mwanajeshi mstaafu, akanionyesha kitufe cha pembeni. Ukikibonya unasema, ukikiachia unasikia. Kiwanda kizima tulitumia masafa mamoja, kwa hiyo mmoja akibonya, wengine wote wanabaki kusikiliza.

"Fikiri kwanza, ndipo ubonye," alisema. "Taja lindo unaloliita, taja lako, sema shida, achia. Na humu hamna shikamoo. Ukiniamkia redioni nakurudisha kwenu Gairo leo leo."

Nilimwona hana adabu. Lakini tulizoea. "Moja, hapa Nne. Lori linatoka." "Nimepata." Basi, kimya.

Mkuu yule alipoondoka, nafasi yake ikachukuliwa na Msimamizi mpya, mtu mzima mwenye heshima zake. Huyu usipomwamkia ananuna wiki nzima. Tukaanza: shikamoo, marahaba, mama hajambo, wajukuu je? Tukaona raha, maana kazi ya ulinzi ina upweke jamani. Na bingwa wa salamu nilikuwa mimi, hapo Lindo Moja, getini.

Lindo Nne lilikuwa nyuma, kati ya ukuta na mto. Alikaa Mzee Mkude, Mluguru, mkubwa kwangu. Mchana mmoja mjini jua linawaka, ila kule juu Uluguru wingu jeusi limefunga. Mvua ikipiga milimani, mto unajaa hata kama huku hatujaona tone. Msimamizi ndiyo kwanza karudi likizo. Nikabonya: shikamoo mzee, pole na safari, nyumbani wazima, mahindi yamekubali, wajukuu wamekua? Kidole hakikutoka kwenye kitufe.

Nilipoachia, nikamsikia Mkude: "Moja, ukuta! Ukuta!" Kisha mkwaruzo mtupu.

Tulikimbia. Maji yalikuwa yameuangusha ukuta juu ya mguu wake. Alitaka kuomba ruhusa ya kuondoka, ila masafa nilikuwa nimeyaziba mimi, na kuacha lindo bila ruhusa ni kufukuzwa kazi. Filimbi alipiga, lakini kwa mngurumo wa mashine zile, nani angeisikia? Hospitali walimkata mguu chini ya goti.

Uchunguzi uliandika "mafuriko". Nami nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka nikastaafu, na nawaambia vijana, kunyamaza kunachosha kuliko kulinda.

Sasa sisi wawili tunaishi mtaa mmoja, Mafiga. Kila asubuhi Mzee Mkude hupita mlangoni kwangu na mkongojo wake. Ni mkubwa wangu, lazima nimwamkie. "Shikamoo." "Marahaba, mdogo wangu." Neno lile lile lililoziba masafa, kila siku ya Mungu.

Juzi nikashindwa. Nikamwambia, "Mzee, siku ile aliyeshikilia kitufe ni mimi."

Akaegemea mkongojo. "Najua."

"Nani alikwambia?"

"Wewe. Redio yangu si ilikuwa inapokea? Nilikusikia salamu zote. Ulipofika kwenye mahindi maji yalikuwa magotini. Nikasema moyoni, huyu sasa hivi atamaliza."

Machozi yakanitoka, mtu mzima mimi. Nikaanza kumwomba radhi, kilio kikanikatiza. Alisubiri nimalize, kama siku ile. Alipoona simalizi, akashika mkongojo wake, akaenda zake sokoni.