Chuma cha Kulehemu kwa Ajili ya Taa za Mama

Nilipofungua boneti ya pikapu ya Mama nilikuta waya wa taa za mbele umeungwa kwa kipande cha mfuko wa mkate. Sitanii. Fundi mmoja wa Ngaramtoni alikuwa amesokota ncha mbili za shaba kama anayesuka kamba ya mbuzi, akazungushia nailoni, juu akapiga tepu nyeusi, halafu akamwambia Mama, "Hapo bibi, hata mvua ya mawe haigusi." Mvua ya mawe haikuhitajika. Ukungu wa mwezi wa saba ulitosha. Taa zikawa zinakufa kila pikapu ikiingia kwenye shimo, na barabara ya kwetu huko juu mlimani ni mashimo matupu.

Hasira yangu haikuwa ya waya peke yake. Dada yetu mkubwa, ambaye yuko Dar na hajaendesha gari kwenye barabara ile tangu aolewe, alikuwa ametoa hukumu kwenye kundi la familia: taa zikizima tena hata mara moja, pikapu inauzwa. Ndugu wote wakajibu kwa vidole gumba. Hakuna aliyeuliza Mama atateremshaje ndizi zake sokoni, wala Jumapili nani atawabeba kina mama wenzake wa kwaya. Pikapu ile aliinunua kwa kahawa yake mwenyewe, akajifunza kuiendesha akiwa mjane, wanaume wa pale wakimcheka. Kumnyang'anya funguo ni kumkata miguu. Basi nikasema, mafundi wamenishinda, nitalehemu mwenyewe.

Nilikosea mwanzo kabisa. Niliingia dukani nikaomba chuma cha kulehemu bila kusema cha kazi gani, nikapewa kile chembamba kama kalamu, cha mafundi redio. Kwangu Kimandolu, huku mjini, nilikijaribu mezani, kikayeyusha risasi, yaani ule waya laini wa kulehemia, kama siagi. Nikajiona fundi. Kule kwa Mama mambo yakawa mengine. Niko uani, baridi inakata, ekstensheni imepitishwa dirishani, plagi ya chuma, ya pini mbili, nimeilazimisha kwenye soketi kwa kuchokonoa tundu la juu na kalamu. Chuma kikagusa waya mnene wa gari, kikapoa pale pale. Risasi ikaganda juu ya shaba kama uji wa jana, ukiigusa kwa ukucha inabanduka. Halafu umeme ukakatika.

"Unalehemu sufuria?" Mama akauliza kutoka jikoni. "Mbona wenzako wanamaliza mara moja?"

"Wenzangu ndio hao waliokufungia mfuko wa mkate, Mama."

"Ule mfuko ulikaa, baba, usiuseme vibaya. Nunua chuma kikubwa. Hicho ni cha kutobolea masikio."

Nikarudi mjini na kipande cha waya wa gari mfukoni. Nilikuwa nimeshajifunza kwamba hakuna chuma kisichoyeyusha risasi. Kazi ni kuipasha moto shaba, mpaka shaba yenyewe ndiyo iyeyushe risasi. Nenda kawaeleze wauzaji maneno hayo.

"Bosi, cheki, si kinatoa moshi?" akaniambia wa kwanza.

"Hata kuni mbichi zinatoa moshi. Jaribu kwenye waya huu."

"Mteja gani wewe unakuja na waya wako?"

Duka la pili wakanipa kikubwa, kizito kama nyundo, kile ambacho Mama angekipenda. Shaba ilishika moto kweli, na plastiki ya waya nayo ikayeyuka ikanitiririkia kidoleni. La tatu, mwenye duka alikataa kabisa kuchomeka. Kikishachomekwa, akasema, si kipya tena. Nilitoka pale naongea peke yangu barabarani, watu wananipisha.

Nilichokuwa nakitafuta nilikikuta duka la nne, la vipuri vya magari, kimetundikwa nyuma ya mikanda ya feni, kina vumbi: chuma cha wastani chenye nyaya mbili ndefu na vibanio, kinachotumia betri ya gari lenyewe. Hakitaki soketi wala hakijali umeme umekatika. Mwenye duka akakibana kwenye betri iliyokuwa sakafuni bila hata kubishana, nikaweka waya wangu, nikasubiri, shaba ikainywa risasi, ikang'aa. Nilitamani kumkumbatia yule baba.

Ijumaa nikakata viungo vyote vya mafundi, nikalehemu upya kimoja kimoja, nikavivalisha mipira inayosinyaa kwa moto. Jioni, giza likianza kuingia, nikawasha taa zikapiga ukuta wa zizi, nyeupe, zimetulia. Nikaitikisa pikapu kama mtu anayeangusha maparachichi. Hazikupepesa. Mama alikuwa amesimama karibu yangu na kikombe cha chai.

"Bado?" akauliza.

"Bado nini, Mama?"

"Si uwashe."

Nikadhani ananitania. Ndivyo alivyo, hajawahi kuisifu kazi siku ile ile. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye kundi. Dada akajibu, "Tutaona."

Asubuhi mapema tukateremka na ndizi za soko, Mama kwenye usukani, ukungu umelala barabarani. Tukapiga shimo la kwanza. Akapunguza mwendo, akainama mbele mpaka kidevu kikakaribia usukani.

"Zimezima," akasema. "Nilijua tu."

Hazikuwa zimezima. Niliiona migomba pande zote mbili. Nilimwona mwanamke aliyebeba dumu la maziwa kichwani, hata buti zake za mvua niliziona, moja imepasuka kwenye kisigino, na sisi tulikuwa tunamwelekea yeye. Nikaushika usukani, nikapiga kelele, Mama akakanyaga breki.

Nikashuka nikiwa nimewaka. Nikasimama mbele ya pikapu, mwanga ukinipiga kifuani.

"Mama, unaniona?"

"Nitakuonaje? Washa taa kwanza."

Hasira yote ikaniishia, nikabaki na woga. Nikafungua boneti kwa sababu nilihitaji mahali pa kuficha uso. Viungo vyangu vilikuwa pale, vigumu, safi, hakuna hata kimoja kilicholegea. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile. Nikafunga boneti, nikazunguka upande wake, nikafungua mlango.

"Ni kweli, Mama. Kiungo kimeachia, nimelehemu vibaya. Sogea niiteremshe mimi."

Akasogea, akajitandia kanga vizuri magotini.

"Nilikuambia," akasema, "ununue kile kikubwa."