Mti wa Kalengera Kwenye Karai

Fundi cherehani wa mtaa wetu amefariki, na kwa kuwa hakuwa chifu, wala padri, wala mwenye gari, nina hakika hamjasoma habari hiyo popote. Kifua kilimbana tangu vumbi jeusi la kiangazi lilipoanza kupeperuka hapa Goma, na alituaga akiwa bado na nguo za wateja mezani, ikiwemo suruali yangu, ambayo sasa naivaa bila pindo kama alama ya msiba. Watu walijaa kilioni. Walimsifu kwa mashati yake, kwa vifungo visivyong'oka, kwa upole wake. Hakuna aliyeutaja mti, ingawa ulikuwa pale pale barazani ndani ya karai, umekaa kama mmoja wa wafiwa. Ni vigumu kumsifu mtu kwa jambo mlilomcheka maisha yake yote. Mimi nilimpenda mzee yule, kwa hiyo nitausema mti.

Ulikuwa umuvumu, ule mti ambao watu wa Rutshuru huupanda uani wanapojenga nyumba. Ukishaupanda, umewatangazia watu kwamba hapa ndipo kwenu na hapa ndipo watakapozaliwa wajukuu. Mnaijua mivumu ilivyo, ng'ombe wa boma zima hulala kivulini. Wa fundi ulinifika magotini. Shina lake lilikuwa nene, gome limekunjamana, mizizi imekumbatia jiwe, matawi yametanda pande zote. Kila kitu cha mti mkubwa kilikuwepo isipokuwa ukubwa. Alikata kijiti chake kwenye mti wa baba yake kule Kalengera, upande wa Rutshuru, siku familia yao ilipohama kuipisha kahawa ya bwana mmoja. Nasema ilihama, kama inavyosemwa ofisini. Mipaka ya mashamba siku zile ilikuwa na miguu mizuri, ililala hapa ikaamkia kule, na watu waliombwa kwa adabu, askari wakiwa wamesimama karibu, wasiizuie kutembea. Waliambiwa ni kwa muda tu. Fundi aliamini kila alichoambiwa na mtu mwenye kofia, basi akakipanda kijiti kwenye karai bovu, akiwa na nia ya kukirudisha uani kwa baba yake muda huo ukiisha.

Umuvumu unataka kukua, na kuuzuia bila kuuua ni kazi ya mwaka mzima. Fundi hakufundishwa na mtu. Alikwenda kutazama miti inayoota kwenye nyufa za mawe ya volkeno nje ya mji, mizee na mifupi, akaona kwamba njaa ikipimwa vizuri haiui. Wakati wa kiangazi aliunywesha kidogo kidogo asubuhi. Mvua zilipokolea alidokoa machipukizi kwa kucha, akakata majani mapana ili yatoke madogo, akapinda matawi kwa waya wa baiskeli na kuufungua kabla haujala gome. Lakini kazi kubwa ilikuwa ya mwezi wa tisa, mvua za kwanza zikianguka. Hapo aliutoa mti kwenye karai, akapunguza mizizi, akaurudisha juu ya mawe ya volkeno yaliyopondwa na kuchungwa kwa chekecheke ya unga ya mkewe. Na kabla ya kugusa mizizi, kila mwaka, alivaa koti lake la Jumapili akaenda ofisini kuuliza kama ule muda umekwisha. Karani wa dirishani alimwambia arudi baadaye. Fundi alirudi nyumbani, akavua koti, akachukua mkasi.

“Muzee, ukiiacha mizizi mwaka huu itakuwa nini?” nilimuuliza siku moja.

“Itapasua karai, iingie mu udongo. Ikishika udongo wa hapa, na miye niko mutu wa hapa. Bananikatalia kurudi, basi na miye nakatalia mizizi.”

Mkewe, mama wa upande wa Butembo anayeuza maharagwe sokoni, hakuwa na subira na mambo hayo. Mti aliuita muke mudogo, na alihakikisha mtaa mzima unasikia. “Ule muke mudogo ananyweshwa maji mbele ya batoto! Chekecheke yangu imejaa majiwe! Yeye ananunuliwa mukasi, miye hata kitambaa sioni!” Fundi alikanyaga cherehani yake kana kwamba anasemwa mume wa nyumba ya pili. Sisi tuliokaa pale kusubiri nguo tulicheka mpaka machozi.

Halafu akaja ajenti wa usafi, yule anayepita akipindua makopo yetu kutafuta mbu. Sheria ya mtaa inakataza mti wa kudumu kwenye kiwanja kisicho chako, na kwa kuwa hakuna kiwanja kilicho chako, sheria ni rahisi kukumbuka. Maua yanaruhusiwa, tena yanapewa zawadi.

“Hii ni muti ao maua?” ajenti aliuliza, akiinama.

“Ni muti, Bwana. Ni umuvumu wa papa yangu.”

“Muti gani mudogo hivi? Maua!” akamwambia msaidizi wake, na jambo likaisha. Mwaka ule ule yale maua yakashinda zawadi ya baraza nzuri kuliko zote, mche wa sabuni, aliokabidhiwa fundi mbele ya watu wakipiga makofi. Mti wa Kalengera umepewa sabuni! Mkewe aliifulia. Fundi mwenyewe alirudi kwenye cherehani yake makofi yakiendelea, na nakiri kwamba uso wake uliniuma.

Padri mmoja aliyesoma sana aliniambia kwamba kule Japani wapo watu wanaolea miti hivyo hivyo kwenye vyungu, baba akimwachia mwana, na kwamba ni sanaa yenye heshima kubwa. Nilikimbia kumpelekea fundi habari hiyo, nikidhani atafurahi kupata wenzake duniani. Aliutoa uzi mdomoni.

“Na bale ba Japani,” akauliza, “bo nani alibahamisha?”

Mimi siandiki siasa, mhariri wangu anajua, naandika bustani. Basi kwa wapenda bustani nasema hivi. Viumbe wengi hapa mjini wanalelewa kwa namna ile ile: hulishwa kwa kipimo, husomeshwa mpaka pale machipukizi yanapodokolewa, hupindwa kwa waya hadi watazame baraza inayotakiwa, na siku ya sherehe huitwa maua. Nasi tunaoandika kwa kalamu na kufunga tai tuliipokea sabuni yetu tukashukuru. Tulimcheka fundi kwa sababu yeye peke yake aliendelea kujibu kwamba ni muti, Bwana.

Siku ya mazishi wachimbaji walihangaika kutwa na mitalimbo, maana mwamba wa Goma haumkaribishi mtu hata akifa. Tulipomaliza kumfukia, mzee mmoja wa kwao akatoa wazo ambalo sote tuliliona zuri mno: umuvumu upandwe kichwani pa kaburi, hatimaye ushike ardhi, hatimaye ukue. Karai likaletwa. Baadhi yetu tayari tulikuwa tunalia kwa raha. Mjane akasimama mbele ya karai.

“Mukiupanda hapa, tumekubali,” alisema. “Yeye hakukubali. Leta muke mwenzangu hapa.” Akajitwisha karai kichwani, akashuka nalo mpaka nyumbani, nasi tukamfuata kama watoto waliokemewa.

Juzi mvua za kwanza zimeanguka. Nilipita kwake nikamkuta ameketi chini, mti umelala mapajani, anakata mizizi kwa ule mkasi aliouonea wivu. Alikuwa anakata vibaya, kwa hasira, na alikuwa analia bila kujificha. Chekecheke ilikuwa imejaa mawe. Kwenye kamba, koti la fundi lilikuwa linakauka.

“Mama, hilo koti ni la nini?”

“Nitalibeba mu mukono, ule karani ajue natoka kwa nani. Kesho naenda kuuliza.”

Mama huyu hakuzaliwa Kalengera, wala hajawahi kulala huko hata siku moja. Somo nililolipata ni kwamba haja ya mtu haifi naye, ikiwa nyumbani kwake amebaki hata mmoja wa kuipeleka dirishani. Mzee alikuwa mpole, alikuwa anaambiwa arudi baadaye na anarudi. Namwonya karani kwa wema kabisa, kwa kuwa mimi ni jirani na mama huyu namjua: yeye atakaa hapo hapo mpaka ajibiwe.