Oili ya Breki Niliyoimimina

Sisi tuliokulia Kibiti miaka ile ya ruksa tuliona maduka yakijaa ghafla. Juzi sabuni ya kufulia ilikuwa ya kugawiwa kwa vipande, leo imepangwa mpaka darini, pembeni yake redio na biskuti za maboksi. Asubuhi tulikwenda shule na fagio na ndoo, alasiri chuoni kwa maalimu, na msimu wa mpunga tulipanda madungu kule bondeni kuamia ndege, tukipiga kelele mpaka koo zikakauka. Ukirudi nyumbani unakuta wali wa nazi na kambare, watoto sita sinia moja, na anayechelewa kunawa analala na ukoko. Watoto wa leo kila mmoja ana sahani yake na bado wananuna. Hayo yote nayakumbuka vizuri, lakini nikianza kuyakumbuka sifiki mbali. Huishia kwenye pikapu ya baba.

Baba alikuwa dereva wa shirika moja mpaka walipopunguza wafanyakazi. Kiinua mgongo chake akanunulia pikapu kuukuu ya Kijapani, akawa anabeba mpunga, ufuta na abiria, kutoka kwetu hadi Ikwiriri na kuteremka mpaka kwenye pantoni, maana daraja la Rufiji lilikuwa bado. Mama alimwita "bosi," na baba alicheka kila mara kana kwamba hajawahi kuitwa hivyo.

Jumamosi moja, nina miaka kumi, nilikuwa nafagia uwanja nikaona mchanga umelowa chini ya gurudumu la nyuma, kushoto.

"Baba, gari linavuja."

Alichovya kidole, akanusa, akakisugua kwenye kidole kingine. "Hii oili ya breki," akasema. Akafungua boneti, akakuta kikopo cha oili kimeshuka chini ya alama. Akaingia akakanyaga breki, ikazama taratibu mpaka chini. Hakuita fundi. Alipiga jeki, akafungua gurudumu, akalivua dramu, lile bakuli la chuma linalofunika breki, na ndani kukawa kumelowa kote. Silinda ndogo inayosukuma breki ilikuwa inatoa oili pembeni, raba zake zimechakaa. Mimi niliyekuwa nampokelea vyuma nilinawa ile oili mikononi kwa maji matupu, ikatoka yote.

Alikwenda dukani akarudi na raba mpya na chupa ya oili, mpya kabisa, ina picha ya gari jekundu. Zamani vitu hivyo ungevifuata Dar na barua ya kibali. Alifurahi sana siku ile. "Sasa hivi kila kitu kipo," alimwambia mama.

Kutoa upepo kwenye breki kunataka watu. Mama alikaa kwenye usukani na khanga yake, baba akalala chini ya gari, mimi nikapewa ile chupa nijaze kikopo kisikauke.

"Mama Zuhura, pampu."

"Napampu."

"Shikilia hapo hapo."

"Nimeshikilia."

"Haya, achia. Zuhura, oili!"

"Abee, naijaza."

Tulifanya hivyo mpaka mapovu yakaisha na breki ikawa ngumu. Baba akalizungusha gari uwanjani, akafunga breki, mama akayumba mbele akicheka. Mimi nikaenda kunawa. Maji yalikuwa yanateleza juu ya vidole yakifanya matone, oili haitoki. Nilimimina kata tatu. Nikamwambia mama, "Hii haitoki kama ile ya kwanza." Akasema, "Chukua sabuni, mwanangu." Nikachukua sabuni. Kumwambia baba sikukumbuka.

Siku ya nne mama alikuwa anakwenda ng'ambo ya mto kumwona mdogo wake aliyejifungua. Mimi nilikuwa shuleni tukifyeka majani, mwalimu akaniita, na nilipomwona amevua kofia nikajua. Kwenye mteremko wa pantoni breki ilikuwa imekwenda chini moja kwa moja. Mbele kulikuwa na foleni ya watu wamekaa juu ya magunia. Baba akakata kushoto asiwavae, gari likapiga ukingo, likalalia upande wa mama.

Baada ya arobaini fundi mmoja wa Ikwiriri aliifungua silinda mbele ya baba, nami nipo. Raba mpya zilikuwa zimevimba kama uyoga. Akadondosha ile oili kwenye sahani ya maji, ikaelea.

"Hii si oili ya breki, mzee," akasema. "Ya kweli inachanganyika na maji. Hii imetiwa tu kwenye chupa yake. Wewe usingejua."

Baba aliitazama sahani. Akasema, "Mimi dereva wa miaka ishirini. Nisipojua mimi, nani ajue?" Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mikono nimeificha kwenye baibui. Hakuendesha tena. Aliishi miaka kumi na tisa akiamini kosa ni lake peke yake, na mimi nikamwacha aamini. Mara ngapi nilikaa naye barazani nikafungua kinywa, nikaishia kumuuliza kama atakunywa chai.

Sasa lami imepita Kibiti mpaka kusini, daraja lipo, mafundi wana mashine za kulisoma gari bila kushika spana. Vijana wetu breki ikilia kidogo wanapiga simu na kukaa kivulini. Sawa tu, wapumzike. Mwanangu hunipeleka ng'ambo kwa mama mdogo kila Idi, redio iko juu, anaongea. Tukikaribia mto huwa namwomba apunguze mwendo nimsomee bibi yake Fatiha. Mwaka huu nilipofumbua macho nikamwambia, "Haya, pita taratibu."

"Mama," akasema, "tumeshavuka."