Yule Anayegeuza Pikipiki

Nilijifunza kupanda pikipiki Wadi Kabir, nyuma ya Maskati, wakati bonde lile lilikuwa changarawe na mikunazi mitupu, gereji hata moja hakuna. Mwalimu wangu alikuwa Mholanzi, fundi mwenzangu katika kambi ya kampuni ya mafuta, mtu mrefu, mwenye subira. Mimi subira sina, na sikuwa nayo hata siku hizo. Nilianguka, nikaitukana pikipiki, nikaanguka tena, na yeye akakaa juu ya jiwe akivuta sigara yake mpaka nilipomaliza matusi. Mungu ampe kheri popote alipo, maana yote ninayotaka kuyasimulia yalianzia pale.

Mama hakuipenda habari hiyo ya pikipiki. Tulifika Maskati mwaka 1964, mimi na yeye tu, baada ya yaliyotokea Unguja mwezi wa Januari. Baba alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Tulipokelewa na ami yangu, mdogo wake baba, aliyekuwa na nyumba Matrah, na kwa ajili ya nyumba hiyo ndipo tukaruhusiwa kuingia. Wenzetu wengi walikataliwa, wakaishia miji mingine ya Ghuba.

Kaka yangu hakuwa nasi. Alikuwa Ujerumani akisomea uhandisi tangu kabla mambo hayajaharibika. Nyumba aliyokuwa akituandikia ikawa si yetu tena, na sisi tulipomwandikia kwa anwani yake ya zamani, barua zikarudi. Tukapoteana, kama watu walioachana mikono sokoni.

Miaka ikapita. Habari pekee tuliletewa na mwanamke mmoja aliyerudi hija. Huko Makka alikutana na kijana wa Unguja aliyemwona kaka yangu Ujerumani, juu ya pikipiki. Mji gani, hakujua. Mama, ambaye kule Unguja pikipiki ya kaka alikuwa akiiita jeneza la magurudumu mawili, sasa kila akisikia mlio wa injini huenda dirishani.

"Kufa, mpangaji Mungu," aliniambia siku moja huku anachambua mchele. "Mie nnaloliogopa ni kuwa yu hai na katusahau. Mtoto akimsahau mamaake, huyo ndo kafa kweli."

Mimi, kusema kweli, nilikuwa na hasira na kaka. Mtu mzima, mwenye elimu yake, anashindwaje kuwatafuta watu wake? Mara nyingi nilimgombeza kimoyomoyo nikiwa chini ya gari, mikono imejaa grisi.

Kazi yangu pale kambini ilikuwa pia kupeleka vipuri, na baadhi ya siku nilitumwa kwa pikipiki mpaka Sib, kwa njia ya mchanga iliyofuata pwani. Mara ya kwanza nilipita peke yangu, nikakutana na watu wawili juu ya ngamia. Nikawapungia mkono, nikaenda zangu. Niliporudi Matrah, nilimkuta ami amekaa kizingitini, uso umemvimba kwa hasira. Habari zangu zilikuwa zimekwishafika.

"Wewe umepishana na watu njiani na hukusimama?"

"Niliwapungia mkono, ami."

"Mkono! Mkono hufukuzia nzi. Mtu ukikutana naye njiani unasimama, unamsalimu, unamuuliza khabari, unamuuliza ulumu. Naye akuulize. Huenda ametoka kwenye maji, huenda ametoka kwenye msiba. Utajuaje?"

Basi hiyo ndiyo desturi ya Oman, na sisi wa Unguja tuliokuja na haraka za mjini ilibidi tuisome upya. Ulumu ni habari za njia, na lazima ziulizwe hata kama hakuna. Unauliza, unajibiwa kwamba hakuna ila kheri, kisha ndipo zinapoanza kutoka moja moja: nani kaoa, kisima gani kimekauka. Tangu siku ile nikawa nikimwona mtu njiani nazima injini, nateremka. Safari ya Sib ikawa ndefu mara mbili. Mwanzo ilinikera mno. Baadaye nikaizoea, na mwisho nikawa siwezi kabisa kumpita mtu.

Mwaka 1969 kampuni ikanichagua kwenda Uholanzi kusomea mitambo ya umeme. Kutoka Maskati enzi hizo hakukuwa kufunga sanduku tu. Ruhusa ilitoka juu, na ami alikwenda huko mara nyingi mpaka viatu vyake vikasagika. Alipoipata aliitupa mapajani mwangu, akasema, "Nenda, usituaibishe," kisha akaenda kulala. Sijawahi kumshukuru mtu kwa sauti ndogo kama niliyotumia siku ile.

Mama alinifungia makopo ya halua ya Matrah, nyeusi, yenye zafarani na marashi ya waridi.

"Utamtafuta kakaako."

"Mama, Ujerumani si Darajani, kwamba ukisimama kidogo utamwona kila mtu."

"Kuuliza si ujinga. We uliza. Na ukimwona, mtazame machoni unambie kama katusahau."

Masomo yalipokwisha nikabakiwa na muda wa likizo. Mholanzi wangu alikuwa kwao mapumzikoni, akanipa pikipiki yake ya zamani na ramani. Aliniambia kwamba kila kiangazi wapanda pikipiki kutoka nchi mbalimbali hukusanyika chini ya milima ya Austria, hawana shughuli maalumu, wanakwenda kuonana tu. Kama kaka yangu bado ni mtu wa pikipiki, basi kuna mtu pale anamjua. Nikatia kahawa ya iliki kwenye chupa ya chai, nikafunga halua nyuma, nikasema bismillahi.

Ninachokikumbuka zaidi ni barabara laini. Sisi Maskati lami tulikuwa nayo kipande tu, na mimi nilikuwa nimezoea kupanda nimesimama kidogo kwa ajili ya mashimo. Mpaka mpakani mwa Ujerumani nilikuwa bado nayangojea mashimo.

Kisha, kando ya mto Rhine, akaja mbele yangu mzee mmoja mwenye ndevu nyekundu, juu ya pikipiki kubwa. Alipokaribia akainua mkono. Mkono ule ulinishtua. Nikafikiri, mtu huyu ananijua, au ana shida. Nilipofunga breki alikuwa keshapita, na sauti ya ami ikanijia masikioni. Nikageuza pikipiki nikamfuata.

Alipoona ninamkimbiza akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Nilimpungia, nikampigia honi, na kila nikipiga honi anazidi kukimbia, mpaka alipoingia kwenye kituo cha petroli na kujificha karibu na mwenye pampu. Nilifika, nikazima injini, nikavua kofia ya chuma, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kambini, "Salamu aleikum, bwana. Umenisalimu, nami sikukujibu. Hujambo? Watu wa nyumbani hawajambo? Njia huko utokako ina habari gani?"

Mzee akacheka mpaka akashika tumbo. Akanieleza kwamba wapanda pikipiki wote wa Ulaya huinua mkono wakipishana, na mkono ukishainuliwa, salamu imekwisha, hakuna anayesimama.

"Na mtu akiwa na shida?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akasema hajui.

Nikammiminia kahawa, nikamkatia halua. Tulikaa pale ukingoni mwa barabara, na ndipo habari zikaanza kutoka, kama zilivyo habari popote. Mkewe alikuwa mgonjwa, na safari yenyewe alikuwa akienda kumwomba binti yao arudi nyumbani. Hakuwa amemwambia mtu. Nami nikamwambia ya kaka. Hakumjua, lakini aliahidi kuuliza.

Mtu mwenye akili angejifunza hapo. Mimi niliendelea kugeuza. Si kwa kila mmoja, maana wengine walikuwa wakienda kasi ambayo pikipiki yangu iliiogopa, lakini kila niliyemweza nilimfuata. Wapo waliodhani wameangusha mzigo. Mmoja alinitukana kwa lugha ambayo sikuhitaji kuijua ili nielewe, nami nikamrudishia kwa Kiswahili cha Ng'ambo kule Unguja, tukamaliza tunakunywa kahawa. Kila mmoja nilimuuliza, unamjua kijana mweusi kidogo, mrefu, wa Unguja, anapanda pikipiki? Kila mmoja akatikisa kichwa. Lakini kila mmoja alinipa kitu: mkate, njia ya mkato, mnyororo, mahali pa kulala. Nilifika Austria nikiwa nimechoka kuuliza, mifuko imejaa vitu vya watu.

Uwanja ulikuwa majani mabichi, mahema na pikipiki zimepangwa chini ya milima yenye theluji. Nilipoingia watu wakageuka. Mmoja akapiga kelele, wengine wakaitikia, na kabla sijateremka, pikipiki nyingi zikawashwa, zikanipita mikono juu, zikageuka zote kwa pamoja, zikarudi kunisalimu. Vumbi, vicheko, honi. Sikuelewa. Ikabidi mwanamke mmoja aniambie kwamba habari zangu zimenitangulia, kwamba tangu Rhine watu wanasimuliana juu ya yule anayegeuza pikipiki ili akuulize hali ya watoto wako. Nilicheka nao, lakini nilikuwa nikitazama nyuso. Kaka hakuwapo.

Kesho yake baada ya sala ya adhuhuri nilikuwa nikikunja mkeka wangu pembeni mwa hema, nikasikia pikipiki inaingia kwa fujo, hata haikuzimwa vizuri. Aliyeipanda akaiacha ianguke, akaja anatembea haraka kati ya mahema, anatazama huku na huku. Alikuwa amekonda na ameanza kipara. Nilimjua kwa mwendo, mwendo wa baba. Naye aliponiona alisimama, akakaa chini kwenye majani.

"Innalillahi," akasema. "Wewe si umekufa wewe?"

Hasira yangu yote ya miaka niliitafuta pale, sikuiona. Nilipiga magoti, nikaushika mkono wake nikaubusu, akanivuta, tukalia kama wanawake wa msibani. Wazungu wa watu wakaondoka mmoja mmoja kwa adabu, wakatuachia nafasi.

Alikuwa fundi katika karakana mjini Munich. Mteja mmoja alikwenda kutengeneza pikipiki yake, akamsimulia kichekesho cha mtu anayekukimbiza barabarani akupe salamu na tamutamu nyeusi kutoka kwenye kopo. Kaka akamuuliza, ina harufu ya waridi? Mteja akasema ndiyo, na kwamba mtu huyo yuko kwenye mkusanyiko wa Austria. Kaka akafunga karakana. Hakujua kama ni mimi. Alijua tu kuwa ni mtu wa kwetu, naye alikuwa na kiu ya mtu wa kwetu. Wahenga walisema milima haikutani, binadamu hukutana. Sisi ilibidi twende kukutana milimani.

Kisha akanambia. Mwaka ule wa 1964 mtu aliyetoroka Unguja alimwapia kwamba mtaa wetu ulivamiwa na hakusalimika yeyote katika nyumba yetu. Aliandika, hakujibiwa. Basi akaamini, akahama mji ule kwa majonzi.

"Nimekuwekeeni khitma peke yangu chumbani," alisema. "Na kila Ijumaa nnakusomeeni Yasini, nnakurehemuni. Sijaacha hata Ijumaa moja. Nnaanza na mama." Akafuta uso. "Usimwambie hilo, yakhe, nnakuomba. Atasema nimemzika angali hai. Ni nuksi."

Nilimuahidi. Hakuweza kuja nami. Hakuwa na karatasi za kuingilia Maskati, na alikuja mwaka wa pili yake tu, milango ya nchi ilipofunguliwa.

Nilirudi Matrah. Mama alikuwa dirishani, akateremka ngazi mwenyewe, jambo ambalo magoti yake yalikuwa hayamruhusu. Nilimwambia pale pale mlangoni kwamba kaka yu hai, mzima, fundi. Akashika ukuta. Akamshukuru Mungu kwa maneno mengi, ami akatoka akamshukuru pia, jirani wakasikia. Kisha mama akanitazama.

"Ulimtazama machoni?"

"Nilimtazama, mama."

"Katusahau?"

Nikamwambia hapana, hakutusahau. Nikasema kwa haraka, na mama yangu hadanganywi kwa haraka. Akauliza, kama hakutusahau, alikuwa wapi miaka yote hii? Nikatazama chini. Nikaona kwamba ahadi niliyoiweka milimani itamwacha mama na shaka ile ile aliyokuwa nayo alipokuwa anachambua mchele, nami sikuweza. Nikamwambia yote: yule mtoro, khitma, Yasini, kumrehemu.

Ami akasema, "Audhubillahi," akageuza uso. Mama akakaa kwenye ngazi taratibu.

"Kila Ijumaa?"

"Kila Ijumaa."

"Akianza na mie?"

"Anaanza na wewe, mama."

Machozi yakamtoka, na huku yanatoka alikuwa anacheka, kicheko ambacho sikukisikia tangu Unguja.

"Wenzangu wanangoja mpaka wafe ndo watoto wao wawasomee," alisema. "Mie nimesomewa ningali hai, na nilikuwa nikijiuliza nguvu za kuamka asubuhi nnazipata wapi." Akanishika bega ainuke. "Mwandikie leo hivi. Mwambie asiache."