Mama Yake Ozella Kando ya Chungu

Saa mbili asubuhi, Januari, na mto umekaushwa. Ozella Gaines, mwenye umri wa miaka sitini na sita, anatembea katikati yake kwa buti za mpira, ndoo ya rangi mkononi, hadi pale walipo "washenzi".

Ndivyo wanavyoitwa tangu bustani hii ya burudani ilipofunguliwa hapa Alabama mwaka 1957. Ni sanamu tisa zinazotikisa mikuki kuzunguka chungu, na ndani yake mzungu mwenye kofia anasubiri kuiva. Kiangazi wageni hupita kwa mashua wakicheka. Baridi ikija bustani hufungwa, maji ya mto huu wa kuchimbwa hutolewa na sanamu hupakwa rangi upya.

Kazi hiyo ameifanya kwa miaka ishirini na sita. "Nilipewa rangi mbili tu, nyeusi tii na nyekundu ya midomo," anasema. "Mwaka wa kwanza nilipaka nilivyoambiwa."

Mwaka wa pili akaanza ujanja wake. Alichanganya kahawia kwenye nyeusi, akapunguza midomo kwa msasa, na kila msimu sanamu moja ikapata sura ya mtu. Ya kwanza ilikuwa ya shemasi wa kanisa lao, ikafuata ya mwalimu wake wa darasa la tatu. Ya mwisho ilikuwa ya mama yake, marehemu Idabell, pamoja na kidoti chake cha shavuni. Hakumwambia mtu, na wakubwa wake hawakuona kitu.

Aliyeona ni mdogo wake, Cleophus, dereva wa lori la taka, alipowaleta wajukuu wake kiangazi kilichopita. Alisimama ghafla, nusura mashua ipinduke. Jioni akapiga simu.

"Dada, yule ni Mama?"

"Ni Mama."

"Anafanya nini pale?"

"Nilitaka wafanane na watu, Cleo."

"Sura umempa, mkuki umemwachia. Mama yangu anampika mzungu, watu wanampungia mkono huku wanatafuna bisi. Una akili sawasawa wewe?"

Hawakusemezana tena hadi Krismasi.

Nimeziona sanamu hizo mara nyingi. Ni nzuri, na balaa lilianzia hapo. Wakazi wa mji walipolalamika kwamba sanamu zinawatukana weusi, wafanyakazi waliitwa kikaoni: sanamu ziondolewe, au zibaki na kupewa maana mpya? Meneja, Meredith Stroud, alionyesha picha za nyuso za Ozella.

"Jamani, hii si dhihaka tena," alisema. "Tuwanyang'anye mikuki, tuwape vikapu, wawe wachuuzi. Ozella, wewe ndiye umeiokoa safari hii ya mashua."

Watu wakapiga makofi. Dewitt Swafford, fundi wa mota za mashua aliyeketi karibu na Ozella, akamnong'oneza: "Kubali vikapu, mama, ule mkate wako. Sanamu zikiondoka, baridi utapaka nini?"

Dewitt hakukosea. Nusu ya kipato cha Ozella hutoka kwenye mto huu. Hata hivyo alisimama.

"Nilikuwa na miaka mitano Mama aliponileta getini," alisema. "Kavaa gauni la kanisani. Tukafukuzwa, weusi hawaingii. Walipokuja kuruhusu, yeye akakataa, na hakukanyaga hapa hadi anakufa. Aliyemwingiza ni mimi. Nikamsimamisha kwenye chungu. Sasa nataka atoke."

Hakuna aliyepiga makofi. Wiki mbili baadaye ikatangazwa kwamba sanamu zitaondolewa kabla ya msimu kufunguliwa, zipelekwe jumba la makumbusho.

Ozella alitoa sharti moja: ziende kama zilivyozaliwa, watu waone bustani ilichekelea nini. Kwa hiyo ndoo aliyobeba asubuhi hii ina nyeusi tii, ile ya mwaka wa kwanza. Yeye mwenyewe anazirudishia ubaya wa zamani, uso baada ya uso. Shemasi ameshapotea. Mwalimu pia. Inauma kumtazama Ozella akipaka.

Amebaki Idabell. Cleophus ameomba ruhusa kazini ili kesho, zamu ya mama yao, awepo.

"Mama simpaki rangi juu," anasema Ozella. "Nitamfuta kwanza, taratibu, kwa kitambaa chenye tapentaini." Baada ya hapo hajui baridi ijayo atafanya kazi gani. Ila kuna ukuta mtupu sebuleni kwa Cleophus, na wamekubaliana amchore mama yao pale.

Namuuliza atamchoraje.

"Ameketi," anasema. "Amesimama vya kutosha."